Pikipiki yangu ina jina la marehemu mama, sasa mke wangu hataki mtoto apewe jina hilo

Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa hapa Kigoma, nakaa Mwanga, naendesha bodaboda na kijiwe chetu kipo Kibirizi, kule maboti yanakoshusha dagaa na abiria wa vijiji vya ziwani. Naomba usinitaje, na jina la mama nimelibadilisha, humu nimeandika Mwajuma, maana ningeandika lile lenyewe Kibirizi nzima ingejua ni nani anaongea, na hilo ndo tatizo lenyewe.

Mama alifariki wakati mi bado naendesha pikipiki ya mkataba. Alikuwa anauza mawese na migebuka mikavu sokoni. Ile hela ya kuanzia, ambayo tajiri anaitaka kabla hajakukabidhi funguo, aliitoa yeye. Alifungua pindo la kitenge mbele ya tajiri akahesabu noti moja moja, zingine zimeingia mawese mpaka zimekuwa za njano, tajiri anazipokea kwa ncha za vidole, mama wala hajali anahesabu tu. Mkataba ulipoisha na kadi ikaja kwa jina langu yeye hakuwepo tena. Basi nikaenda kwa fundi wa stika nikamwambia aniandikie MWAJUMA kwenye tanki pande zote mbili na kwenye madigadi ya nyuma, herufi nyekundu. Sikumuuliza mtu, niliona hili ni langu mimi na mama yangu.

Jina likakamata shangazi. Akina mama wa dagaa wamenisevu Mwajuma Boda, wengi jina langu hawalijui kabisa. Mtu akishuka boti la Kagunga na mizigo yake anauliza "Mwajuma yupo?" na wenzangu wananiita hata kama foleni siyo yangu. Mi mwenyewe asubuhi nikipiga kiki nasema bismillahi, twende mama. Na kwakweli inanisaidia, nikiwa na lile jina siendeshi hovyo, konyagi siigusi, sigombani na abiria, nitafanyaje ujinga juu ya jina la mama?

Sasa mke wangu kajifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Kwetu huyo anachukua jina la bibi yake mzaa baba na mke wangu alikuwa kakubali tangu mimba, wala hatukuwahi kubishana. Siku ametoka hospitali tukapita kijiweni na bajaji, vijana wakapiga honi, wakawa wanapiga kelele "Mwajuma kapata mdogo wake!" Walikuwa wanafurahi tu. Mke wangu akanyamaza mpaka nyumbani. Usiku akaniambia mwanangu hawezi kuitwa jina la pikipiki. Nikamwambia siyo jina la pikipiki, ni jina la mama. Akasema hayo unayajua wewe, watu wanaijua pikipiki, akienda shule ataitwa Mwajuma Boksa, Mwajuma wa kupandwa, sitaki. Akanipa machaguo mawili, nifute pale kwenye tanki au mtoto achukue jina la upande wao.

Dada yangu mkubwa naye anataka nifute, ila yeye kwa sababu zake. Siku ya hitma ya mama tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, dogo niliyemwachia pikipiki akanipigia, simu ikatoa sauti kubwa watu wote wakasikia, "bro, Mwajuma kapata pancha huku Ujiji, kalala njiani." Dada aliinuka akaenda uani kulia. Tangu siku hiyo hapandi pikipiki yangu, anapanda za wenzangu. Baba mdogo ndo anasema kinyume, eti nisithubutu kugusa, jina limeleta riziki na nikilifuta nafuta baraka.

Siku ya saba imepita hatujachinja. Mtoto tunamwita Kichanga tu. Naogopa nikifuta nitakuwa nimemfuta mama mara ya pili na wateja watapotea, nisipofuta mke wangu atampa mtoto jina lingine na jina la mama litabaki kwenye chuma. Nifanyeje shangazi?

Alafu kuna rafiki yangu wa kijiweni anataka kununua bajaji aiandike jina la mchumba wake, kaniomba nikuulizie kama ni sawa.

Baba Kichanga, Kigoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Hongera ya Kichanga, na pole ya mama, hata kama imepita muda pole haichachi. Zile noti zenye mawese zimenikaa kichwani tangu nisome barua yako.

Nianze kwa kukuonyesha kitu ambacho nadhani kwa presha uliyonayo hujakiona vizuri. Katika watu wote uliowataja hakuna hata mmoja anayelikataa jina la mama yako. Mkeo alilikubali mtoto akiwa bado tumboni, na wanawake wengi wanaogombana na wakwe zao hawakubali hilo mwanangu, kwahiyo lipime vizuri. Dada yako hajasema mtoto asiitwe hivyo. Baba mdogo anataka libaki. Kinachowagombanisha ni lile chuma kubeba jina, na kila mmoja akilisikia lile jina barabarani anasikia kitu tofauti na mwenzake. Wewe unamsikia mama. Dada yako anasikia mama yake kalala njiani ana pancha. Mkeo je? Hapo nataka tukae kidogo.

Umeandika neno moja haraka haraka ukaendelea, "wa kupandwa". Mwanangu, wewe ni mtu wa kijiweni, unajua vijana wakiwa wamekaa kwenye zile bechi wanavyoongea juu ya pikipiki yenye jina la kike. Leo nampanda fulani, fulani anataka kupigwa kiki, fulani ukimbana anaenda. Kwako wewe hayakugusi kwasababu ukisikia Mwajuma uso unaokujia ni wa mama yako sokoni. Mkeo ni mwanamke na amezaa mtoto wa kike, yeye anasikia maneno hayo yakimngojea binti yake akiwa na miaka kumi na nne anapita pale na sare ya shule. Sisemi lazima itokee. Watoto watamtania mtoto kwa lolote, kwa jina, kwa masikio, kwa baba yake kuwa dereva wa boda, na mtoto aliyelelewa anajua jina lake limetoka kwa nani huwa habebwi na utani wa siku mbili. Lakini hofu ya mkeo si ya kijinga, na alikuwa ametoka leba siku ileile, hata kukaa vizuri kwenye siti ya bajaji ilikuwa shida, neno la kwanza mwanae kuambiwa mtaani ni kwamba yeye ni mdogo wake pikipiki. Je umemuuliza alijisikiaje pale, au mlienda moja kwa moja kwenye kubishana jina ni la nani? Muulize, na akianza kujibu usimkatishe kwa kumweleza ulichomaanisha. Ulichomaanisha anakijua.

Sasa nikugeukie wewe. Unasema ukifuta wateja watapotea. Una uhakika wanamfuata Mwajuma wa kwenye stika? Mama wa dagaa anayekuita alfajiri anakuita kwasababu unafika, hunywi, chenji unarudisha na beseni lake hulimwagi. Hizo tabia umesema mwenyewe zinatokana na jina, sawa, lakini zinakaa kwako, kwenye tanki hazipo. Na kwenye simu zao utabaki Mwajuma Boda hata ukiipaka pikipiki rangi upya, hakuna mtu anayeamka kwenda kubadilisha majina kwenye simu yake. Kwahiyo hofu ya biashara naiona ndogo kuliko unavyoiona. Ile ya kumfuta mama mara ya pili ndiyo kubwa, na hiyo sitakuambia ni ndogo.

Kuita chombo jina la mtu si jambo ulilolianzisha wewe, na wala si la uhuni. Hata ile Mercedes tunayoiona kwa wakubwa ni jina la binti. Mfanyabiashara mmoja, Emil Jellinek, alikuwa anauza magari ya Daimler kule Nice, Ufaransa, akayapa jina la mwanae Mercédès aliyezaliwa 1889, na 1902 jina likasajiliwa kama alama ya biashara. Mwaka 1903 akaongeza na kwenye jina lake mwenyewe akawa Jellinek-Mercedes, baba anabeba jina la binti. Ila angalia mpangilio, mtoto alikuwepo kwanza, gari likafuata. Kwenu bibi ndiye wa kwanza, pikipiki ikafuata, mjukuu kaja mwisho, na majirani wengi wa Kibirizi bibi hawakumjua, wanaijua pikipiki. Mkeo aliposema "watu wanaijua pikipiki" alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana jibu lako la "ni jina la mama" halikumfikia.

Na hapo hapo kwenu ziwani. Wakati wa vita vya kwanza Wajerumani walikuwa na meli kwenye Ziwa Tanganyika inaitwa Hedwig von Wissmann, Hedwig alikuwa mke wa Wissmann aliyewahi kuwa gavana wao. Ilizamishwa na Waingereza Februari 1916. Meli nyingine waliiunda Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikapanda reli mpaka Kigoma, 1915 ikashushwa majini kwa jina la gavana mwingine, Götzen. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, ndiyo hii hii Liemba ambayo bibi zenu wameipanda na mizigo yao kwenda Kasanga. Nakutajia hizi mbili kwasababu zimebeba mambo mawili unayotakiwa kuyawaza. Chombo kinaweza kubadilishwa jina na kikaendelea kufanya kazi kwa miaka na miaka. Na chombo chenye jina la mtu kinaweza kuishia pabaya na jina likiwa juu yake.

Hilo la pili nataka uliwaze sana. Boksa ya boda haikai milele, wewe unajua kuliko mimi. Kuna siku utaiuza upate nyingine. Atainunua kijana wa Kasulu au Uvinza, stika hataitoa, ataendesha anavyotaka yeye. Umeziona zile pikipiki za kesi zilizopangwa nje ya vituo vya polisi, zinapigwa jua na mvua mpaka siti zinachanika? Siku ukipita ukaikuta pale na jina la mama kwenye tanki utajisikiaje? Kwahiyo hata ukiamua leo libaki, bado siku ya kulitoa itakuja. Unaweza kuchagua ulitoe wewe kwa mkono wako kwa wakati wako, au usubiri.

Njia ninazoziona ni hizi, na kila moja ina bei yake.

Unaweza kulitoa kwenye pikipiki, mtoto achukue jina, mkeo na dada yako wote wapumue. Bei yake ni wewe. Ukilitoa huku moyoni unasema wanawake wamenilazimisha, utakuja kulilipa siku nyingine kwa ugomvi wa chumvi kuzidi kwenye mboga. Ukienda njia hii usilikwangue kwa hasira na petroli kijiweni watu wanaangalia. Fanya nyumbani, na ukitaka mwite dada yako awepo. Nina hisia yeye anahitaji hilo kuliko anavyosema, maana wewe ulipata pa kuweka msiba wako, yeye sijui kama alipata.

Unaweza kuliacha kwenye pikipiki na mtoto achukue jina la upande wa mkeo, na jina la upande wa mama nalo ni jina, halina kasoro. Ila usilifanye kwa kununa. Na ujiulize utamjibu nini dada yako siku akizaa yeye au binti yake akalichukua jina, maana litachukuliwa tu, jina la bibi halikosi mtu wa kulibeba. Je utafurahi au utaona umeporwa?

Unaweza kuacha vyote viwili viitwe Mwajuma, mtoto na pikipiki. Hiyo ndiyo unayoitaka najua. Inawezekana tu kama mkeo ameridhika kweli, siyo kama amechoka kubishana. Wako wengi ambao mtoto akipewa jina la bibi hawamwiti kwa jina lenyewe nyumbani, baba anamwita mama, wengine wanamwita Bibi, mkeo pia kwa heshima ya mkwe asingelitamka hovyo. Kwahiyo jina la kwenye cheti lingekaa limetulia na la nyumbani likafanya kazi ya kila siku. Hatari yake ni shuleni, pale mwalimu anaita la kwenye cheti, na hatuwezi kumwahidi mkeo chochote.

Na kuna moja ya katikati, ipime. Badala ya pikipiki kuwa Mwajuma, wewe ndiyo uwe wake. BIN MWAJUMA. Herufi zile zile nyekundu, umeongeza neno dogo mbele, na wateja hawatapotea njia. Hapo hakuna anayempanda Mwajuma, anabebwa na mtoto wa Mwajuma, na mtu akiuliza ndiyo nafasi ya kumweleza mama alikuwa nani, alikuwa anauza nini na wapi. Mtaa ukishamjua bibi, mjukuu akija na jina lake atakuwa mjukuu wa yule mama wa mawese. Lakini usiende kwa fundi kabla hujaongea na mkeo na dada yako. Inawezekana dada yako akasema hata hilo hataki, dogo akipata pancha bado atapiga simu aseme "Bin Mwajuma kalala". Msikilize. Na mkeo anaweza kuona unatafuta ujanja wa kutofuta. Uwaambie ni wazo, siyo uamuzi.

Baba mdogo na ile habari ya baraka, mheshimu, mpelekee na sukari, ila barua yako mwenyewe imeeleza riziki ilivyopatikana. Imepatikana kwa mama kuhesabu zile noti na kwa wewe kutokunywa.

Kuhusu siku ya saba usikimbizwe. Muulizeni ustadhi wenu, akika ikichelewa haijapotea, watu wanachinja baadaye kulingana na uwezo. Kinachotaka macho ni cheti, sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90, na jina likishaingia kwenye cheti cha RITA kulibadilisha ni mlolongo na gharama. Kwahiyo msiende kuandika jina ambalo mmoja wenu bado analia nalo. Tangazo la kizazi mlilopewa hospitali litunzeni pakavu, na huku Kichanga anaitwa Kichanga haumii chochote.

Ningekuwa wewe ningeanza na dada kabla ya kurudi kwa mkeo, nenda kwake bila pikipiki, panda ya mwenzako kama anavyopanda yeye. Mwambie hujaja kujitetea, umekuja kumuuliza angependa mama akumbukwe vipi. Hajawahi kuulizwa hilo, wala jina lilipowekwa hakuulizwa, na naye ni mtoto wa Mwajuma kama wewe. Alichosema kipeleke kwa mkeo kama kilivyo.

Na huyo rafiki yako wa bajaji, mwambie jina la mchumba siyo baya ila amuulize mwenyewe kwanza, siyo amfanyie sapraizi, kuna wanaofurahi na kuna wanaoona aibu kuzungushwa mji mzima. Na kama binti akikubali, aandike kwa stika tu, asiandike kwa rangi, ndoa bado.